Kijana katoka ICU, nguvu zinarudi lakini unyayo wa kulia hauinuki. Tatizo liko wapi hasa?

#1 Mti Mkavu
Wakuu, habari za jioni.

Kijana ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Taifodi ilimtoboa utumbo, na anapasuliwa usaha ulikuwa umeshasambaa tumboni. Kakaa ICU siku 24, siku 17 kati ya hizo akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Utumbo uliungwa, kidonda cha tumbo kimefunga. Yuko nyumbani Kimara, hii ni wiki ya tano. Aliingia hospitali na kilo 46, akatoka na 35, jana mizani imesoma 38.

Anakaa mwenyewe, anasimama kwa kushika meza, anatembea hatua kama 30 kwa fremu. Kinachosumbua ni mguu wa kulia. Goti linanyooka, paja linapanda, ila unyayo unaning'inia. Vidole vinakwaruza sakafu, ndiyo maana akitembea anapandisha goti juu kama mtu anayevuka dimbwi. Kwenye karatasi ya kutoka hospitali wameandika udhaifu wa jumla baada ya ugonjwa mkali, basi. Sasa udhaifu wa jumla unachaguaje mguu mmoja? Na tufanye nini wakati tunasubiri kliniki?

#2 Kipimajoto
Pole kwa mgonjwa. Maelezo yako yako vizuri.

Udhaifu wa jumla upo kweli. Mtu aliyelala ICU wiki kadhaa na usaha mwilini, neva na misuli vyote huathirika, ila hali hiyo hupiga pande zote mbili karibu sawa. Mmoja ukiwa mbaya kuliko mwingine, tafuta sababu ya ziada ya mguu huo.

Mimi naanza na goti. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa mwembamba. Papasa utakisikia. Neva inayonyanyua unyayo inazunguka hapo ikiwa juu juu kabisa, kati yake na ngozi kuna mafuta kidogo tu. Mtu akipungua kilo 11 yale mafuta yanakwisha. Mlaze na mguu umeangukia nje, goti limegusa chuma cha kitanda, saa nyingi, usiku kwa usiku, na amepewa dawa za usingizi kwa hiyo hawezi kulalamika. Neva inabanwa hadi inazima. Hata nyumbani akikaa na kukunja nne anaendelea kuibana. Kunja nne ipigwe marufuku kuanzia leo.

#3 Nesi wa Zamu
#2 umesema vizuri lakini umeruka swali la kwanza kabisa. Kabla ya kupelekwa hospitali kubwa, alichomwa sindano za tako? Upande gani?

Kijana mwembamba, tako limebaki ngozi na mfupa, sindano ikiingia katikati au chini badala ya robo ya juu kwa nje, inaikuta neva kubwa ya mguu. Ile neva kubwa ina mafungu mawili ndani yake, na fungu la kunyanyua unyayo ndilo huumia upesi zaidi. Dalili: maumivu kama shoti ya umeme mpaka kwenye kidole, palepale sindano inapoingia. Kwa mtoto aliyekonda, sindano ya msuli ichomwe pajani, mbele kwa upande wa nje. Huko hakuna neva kubwa ya kuumiza.

#4 Bibi Uji
Kilo 38 bado kidogo sana. Hamjasema anakula nini. Msuli haujengwi na mazoezi matupu.

#5 Mti Mkavu
Asanteni. #3, ndiyo. Zahanati alichomwa sindano tatu, mama yake anasema zote kulia. Ya pili alipiga kelele kwamba mguu umewaka. Ila siku iliyofuata aliingia hospitali kwa miguu yake, na hakuna aliyeona unyayo ukiburuta.

#4, asubuhi uji wa sembe, mchana wali na mchuzi, jioni ugali na mchicha. Hamu ya kula bado ndogo.

#6 Kipimajoto
"Aliingia kwa miguu yake" ni maneno mazito. Sindano ikigonga neva, mara nyingi unyayo unazima muda uleule.

#7 Nesi wa Zamu
Mara nyingi, sawa. Siyo mara zote. Dawa ikimwagika pembeni ya neva, uvimbe na kovu vinaweza kuibana kidogo kidogo siku zinazofuata. Na mtu mwenye tumbo limetoboka, anayeshikwa huku na huku, nani alikuwa anamtazama vidole?

#8 Goti Imara
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo. Kabla hamjaendelea kushindana, Mti Mkavu, fanya vipimo vinne. Akae kitandani miguu imenyooka, mguu usio na tatizo utangulie ili aelewe unachotaka.

Kwanza asukume unyayo chini kama anayekanyaga mafuta ya gari, wewe zuia kwa kiganja. Pili aelekeze unyayo ndani, uangalie mguu wa pili. Tatu aupeleke nje. Nne chukua pamba, mguse juu ya unyayo, ubavu wa nje wa ugoko, halafu chini ya unyayo, macho yakiwa yamefumbwa. Andika kwa namba: 0 hakuna kitu, 1 msuli unatikisika tu, 2 unakwenda ukiwa umelazwa bila kupambana na uzito, 3 unapanda dhidi ya uzito wake, 4 unazuia mkono wako kidogo, 5 kamili.

Maana yake ni hii: kwenda chini na kwenda ndani vikiwa na nguvu, nje na juu vikiwa vimekufa, ganzi ikiwa juu ya unyayo, jicho linakwenda gotini. Kwenda ndani nako kukiwa dhaifu, panda juu, takoni au uti wa mgongo.

Halafu jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko jina la neva: kisigino. Unyayo ukining'inia wiki tano, kano ya kisigino inafupika. Neva ikija kuamka itakuta kifundo kimekakamaa, na hapo hata msuli uliopona hauwezi kukinyanyua. Kano ikinyooshwa leo ni mazoezi. Ikiachwa miezi sita inaweza kuwa plasta, au kisu.

Namna ya kunyoosha: kiganja chako kishike kisigino chenyewe, mkono wako kuanzia kwenye kiwiko ulale kwenye unyayo. Vuta kisigino chini kuelekea kwako, kisha egemeza mwili wako taratibu ili unyayo uende juu. Shika sekunde 30, achia, rudia mara tano. Fanya goti likiwa limenyooka, halafu rudia goti likiwa limekunjwa, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili na mmoja wake unavuka goti. Asubuhi, mchana, jioni. Kosa la nyumbani ni kusukuma vidole tu: katikati ya unyayo panapinda, macho yanaona unyayo umepanda, kumbe kisigino hakijasogea hata kidogo.

#9 Mzee wa Feri
Mkandeni kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, mguu uchuliwe kuanzia chini kwenda juu. Damu itatembea.

#10 Nesi wa Zamu
Mzee shikamoo. Hapo naomba tusimame kidogo, kwa heshima zote.

Mguu wenye ganzi hausikii joto. Anakandwa na taulo, hasemi kitu, jioni malengelenge. Na kidonda juu ya ngozi iliyokonda hivyo kinachukua wiki nyingi kufunga. Kama ni lazima akandwe, maji yapimwe kwa kiwiko cha mama, yawe vuguvugu.

Kuchua ndiko kunanitisha zaidi. Mtu aliyelala wiki nyingi anaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa wa shavu la mguu. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, unauma ukibonyezwa, usiuguse. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana bonge likichomoka linakwenda mapafuni. Pimeni mizunguko ya mashavu yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, msisubiri kliniki.

#11 Mzee wa Feri
Marahaba binti. Nimekuelewa. Mafuta ya nazi basi yabaki ya kulainisha ngozi.

#12 Goti Imara
Hayo yanafaa kabisa, Mzee. Naongeza kwa #10: goti au nyonga ikiwa ngumu, ina joto, na kila wiki inazidi kukakamaa, msilazimishe. Baada ya kulala muda mrefu mfupa mpya unaweza kuota ndani ya nyama kando ya kiungo. Picha ya eksirei itaonyesha.

#13 Mti Mkavu
Vipimo vya #8 nimefanya mara mbili, jana na leo asubuhi.
Chini: 4. Ndani: 4. Nje: 0. Juu: 0, kidole gumba kinatikisika, niweke 1. Ganzi juu ya unyayo na ubavu wa ugoko. Chini ya unyayo anasikia.
Mashavu: kulia 24.5, kushoto 25.5. Hakuna joto.

Lakini kuna jipya. Anasema vidole vya miguu YOTE miwili vinawaka usiku, hataki shuka iguse.

#14 Kipimajoto
Gotini. Namba zimesema.

#15 Nesi wa Zamu
Zimesema nusu. Nilishaandika #3 kwamba sindano ya tako hupenda kuumiza lile fungu peke yake. Fungu likiumia takoni, vipimo vinne vya #8 vinatoa majibu hayahaya uliyoyaona. Na miguu yote kuwaka usiku, goti moja linaeleza vipi?

#16 Chupa ya Maabara
Niingie hapo hapo. Utumbo uliotoboka, usaha tumboni: karibu hakika alipewa metronidazole, dawa ya kuua bakteria. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo, lakini ikitumika wiki nyingi inaweza kuunguza ncha za neva. Huanza vidoleni, pande zote mbili, ganzi na kuwaka. Tafuteni kwenye karatasi: siku ngapi kwenye mshipa, siku ngapi za vidonge, na je, bado anameza? Zaidi ya wiki nne mfululizo, mwambieni daktari. Msiikatishe kimyakimya bila yeye kujua.

Na vitamini B1. Mtu aliyekaa bila kula, kisha akaongezewa maji ya sukari, akiba yake ya B1 inaisha ndani ya wiki chache. Hiyo nayo huwasha miguu yote.

#17 Mti Mkavu
#16, karatasi inaonyesha siku 26 hospitalini, halafu vidonge vya siku 14. Vimekwisha wiki tatu zilizopita.
Na kuna mtu wa duka la dawa kashauri sindano za vitamini B mchanganyiko, kumi, kila siku moja.

#18 Nesi wa Zamu
Za tako? Kwa mtoto wa kilo 38 ambaye tunajiuliza kama sindano ya tako ndiyo iliyomwangusha? Hapana, jamani. Anameza, utumbo unapitisha, apewe vidonge.

#19 Chupa ya Maabara
Naunga mkono. Na zingatieni, B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva. Sio kwamba zikiongezwa ndiyo anapona haraka.

Siku 40 za metronidazole zinatosha kunitia shaka kwa kule kuwaka. Kwa unyayo kuanguka upande mmoja, hapana. Hapa huenda tuna matatizo mawili juu ya mtoto mmoja.

#20 Bibi Uji
Turudi jikoni, maana nilijibiwa #5 na hakuna aliyeshtuka. Sembe, wali, ugali. Protini iko wapi?

Mtoto anayejenga upya anahitaji gramu 1.5 mpaka 2 za protini kwa kila kilo, kwa siku. Kilo 38 ni gramu 57 mpaka 76. Yai moja lina kama 6. Maziwa kikombe cha robo lita, 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Karanga kiganja kimoja, gramu 30 hivi, 7. Dagaa wakavu gramu 10 wa kusaga, 6.

Siku inaweza kwenda hivi. Uji wa asubuhi uwekewe karanga za kusaga vijiko viwili na unga wa dagaa kijiko kimoja, dagaa waliotolewa vichwa na kukaangwa bila mafuta, harufu haisikiki ukikamua ndimu. Saa nne mayai mawili. Mchana maharage kikombe kizima, wali uwe pembeni. Saa kumi maziwa. Usiku samaki. Hamu ni ndogo kwa hiyo sahani iwe ndogo mara sita, siyo kubwa mara tatu. Asinywe maji mengi kabla ya kula, yanajaza tumbo.

Utumbo umeungwa, hivyo wiki hizi maharage yachujwe maganda akilalamika gesi. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika kijani, hapati choo wala hewa haitoki: hospitali usiku huohuo. Hapo huenda mikovu ya ndani imefunga njia.

#21 Fundi Soli
Nyie bishaneni neva imekatika wapi, mtoto anaburuta vidole leo. Anahitaji plastiki ya mguu, wengi tunaiita AFO.

#22 Kipimajoto
Fundi Soli, kwako kila ugonjwa dawa yake kiatu! Karibu, tulikuwa tunakungoja.

#23 Fundi Soli
Nimefika. Sikilizeni vizuri maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela.

Karakana za vifaa saidizi zipo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT Msasani. Wanampima kwa plasta, wanavuta plastiki juu ya kalibu, wanakata. Inaanzia chini ya vidole, inapita nyuma ya shavu, inaishia chini ya goti. Ukingo wa juu USIFIKE kwenye kile kifundo alichokitaja Kipimajoto #2. Uishie vidole viwili chini yake. Ukigusa pale, kifaa chenyewe kinabana neva tunayoingojea iamke.

Siku ya kupimwa nendeni na kiatu atakachovaa shuleni. Pembe ya plastiki inapangwa kwa urefu wa kisigino cha kiatu hicho. Ukimvalisha kifaa ndani ya raba bapa wakati kilipangwa kwa kisigino cha sentimita mbili, goti linasukumwa nyuma kila hatua, na baada ya miezi linaanza kuuma. Kiatu kiwe cha kamba, mdomo mpana, soli ya ndani itolewe. Cha kuchomeka hakifai.

Siku ya kwanza avae dakika 30, vua, tazama ngozi. Wekundu ukiisha ndani ya dakika 20, ongeza saa moja kila siku. Usipoisha, rudisha kikwanguliwe. Ana ganzi, hatakuambia kinachoma, kwa hiyo macho yenu ndiyo maumivu yake. Jasho la Dar ni jingi, avae soksi ya pamba ndefu isiyo na mshono kidoleni, abadilishe mchana. Kifaa kioshwe kwa maji na sabuni, kikauke kivulini. Kikikaa karibu na jiko la mkaa kinapinda.

Kwa wiki hizi za kusubiri: kata utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana sentimita 3. Funga mkanda wa kitambaa juu ya kifundo cha mguu (juu kidogo tu, siyo karibu na goti), utepe uchukue kutoka kwenye kamba za kiatu hadi kwenye mkanda, uvute mpaka vidole visiburute. Vidole viwili vyako vipite chini ya mkanda. Kulala, usimfunge.

#24 Goti Imara
Safi sana. Akilala aweke mto mgumu miguuni ili unyayo usianguke na shuka isikae juu ya vidole. Hapo na kule kuwaka kwa usiku kutapungua.

Mazoezi: kukaa na kusimama kutoka kitini, mara tano, pumzika dakika mbili, mizunguko mitatu. Kiti kikimshinda pandisha kwa mto. Mguu wa kulia uwe nyuma kidogo ya wa kushoto ili nao ufanye kazi. Awe anaweza kusema sentensi nzima huku akitembea. Akiamka kesho yake bado kachoka, punguza theluthi. Akinyanyuka kitandani ageuke ubavu kwanza, akikohoa abane mto tumboni. Ndoo ya maji asiguse kwa sasa.

#25 Shangwe
Samahani, swali la pembeni. Siku 17 za mpira kooni, sauti yake ikoje?

#26 Mti Mkavu
Imekwaruza kidogo. Akitembea anapumua kwa mlio, kama filimbi. Tulidhani pumu, alipewa ya kuvuta, haijasaidia.

#27 Nesi wa Zamu
Mti Mkavu, hili lisisubiri. Mlio unasikika akivuta ndani au akitoa nje?

#28 Mti Mkavu
Akivuta ndani.

#29 Nesi wa Zamu
Kesho asubuhi, daktari wa masikio, pua na koo. Mpira ukikaa muda mrefu unachubua koo la hewa, kovu linafunga njia wiki kadhaa baada ya kutolewa. Hufanana na pumu, ila pumu kwa kawaida hulia akitoa nje. Mwambie daktari maneno haya: siku 17 za mashine, mlio wa kuvuta ndani, dawa ya pumu haijafanya kazi. Akianza kulia hata amekaa kimya, au ngozi ya shingoni inaingia ndani akivuta pumzi, ni dharura, msingoje asubuhi.

Mazoezi ya #24 ya kutembea yasimame mpaka atazamwe. Kunyoosha kisigino kuendelee.

#30 Shangwe
Asante dada. Kutoka Kimara pandeni mwendokasi, mshuke Fire, bajaji hadi Muhimbili. Nendeni saa nne, asubuhi sana msongamano utamwangusha. Pale kituoni unaingia basi bila ngazi, fremu inapita.

#31 Mti Mkavu
Tumerudi jioni hii. Kaingiziwa kamera: kuna kovu, njia imepungua ila haijafika pabaya, anarudishwa Jumatatu kupanuliwa. Ahsanteni kwa kweli, mlio ule tulikuwa tumeshauzoea.

Tukiwa palepale kaandikiwa kipimo cha umeme wa neva. Daktari naye hakusema goti wala tako.

#32 Kipimajoto
Nashukuru sana kusikia. Kipimo hicho wiki tatu za kwanza hudanganya, ila sasa muda huo umeshapita, kinafaa. Ombeni waguse na msuli mfupi wa nyuma ya paja, upande wa nje. Unalishwa na fungu lilelile, lakini juu ya goti. Ukiwa mzima, Nesi atanipa haki yangu. Ukiwa umeumia, nitampa yake.

#33 Nesi wa Zamu
Nakubali sharti hilo. Na nataka uwe wewe unayeshinda, kwa ajili ya mtoto. Neva inaota kama milimita moja kwa siku. Kutoka gotini ni suala la miezi michache. Kutoka takoni mpaka ugokoni tunazungumzia mwaka na zaidi.

#34 Chupa ya Maabara
Hata kikitoka cha goti, vidole kuwaka bado vina hoja yake. Muulizeni daktari akague miguu yote miwili, siyo wa kulia peke yake.

#35 Mti Mkavu
Nimeandika yote. Fundi Soli, swali moja: kiatu cha shule nimekuta cha kamba Kariakoo, nimpime namba yake ileile au niongeze?

#36 Fundi Soli
Ongeza namba moja, na viatu vyote viwili viwe namba moja, cha kushoto kitajazwa soli ya ziada. Mpeleke jioni, mguu ukiwa umeshashuka chini siku nzima.